Mume Wangu Alimwaga Maji ya Ubatizo Wangu

Nilimkuta mume wangu, mikono imejaa tope, anamwaga maji ya ubatizo wangu!

Mimi huyu, Kahindo, nimevaa kanzu nyeupe! Kanisa zima tumetoka Norsborg, huku kwetu Uswidi, na basi mpaka shambani kwa Gunnel, bibi Mswidi mwenye kibwawa chake cha udongo. Ilikuwa Juni 2009. Kwaya inaimba, mchungaji ameshakunja suruali...

Na Norbert yuko pembeni kwenye mfereji wa kutolea maji, anang'oa mifuko ya mchanga iliyouziba. Maji yanakimbia!

"Baba Heshima, umerogwa?!"

"Toa watu huko chini. Haraka!"

"Siku zote hukutaka niokoke! Leo umeamua kuniaibisha?"

Jamani, nilimzaba kofi. Mbele ya wamama wote wa kwaya! Nilikuwa nimewaka moto.

Mchungaji Onesphore akapaza sauti: "Shetani ameingia kwenye ibada!"

Norbert aliiacha mifuko. Alinishika mkono, akanivuta mpaka upande wa pili wa tuta linalozuia maji. Pale chini wamama wanapika sombe, yale majani ya muhogo, watoto wanacheza, na mtoto wetu Heshima yumo.

"Tazama."

Maji yalikuwa yanapenya katikati ya tuta. Tope tupu! Udongo ulikuwa unaliwa kwa ndani.

Mama weee!

"Acheni masufuria! Bebeni watoto!" nikapiga kelele.

Tulikimbia wote kupanda juu. Hatujakaa sawa, kipande cha tuta kikaporomoka... puuu! Sombe yote ikafukiwa. Nilimkumbatia Heshima. Maji yasingekuwa yamepungua, leo ningekuwa naandika mengine.

Gunnel akaja mbio, amekuwa mwekundu usoni. Anauliza kwa Kiswidi.

Norbert ndiye mkalimani wetu. Akamgeukia mchungaji: "Anauliza nani ameziba mfereji. Si alikuambia usizibwe kamwe? Nilikutafsiria mimi mwenyewe, ukaitikia."

Mchungaji akanong'ona: "Mwambie hatujui. Maji yalikuwa yanafika magotini tu, ningewazamisha watu vipi?"

Mon Dieu! Kumbe ni yeye!

"Hiyo sitafsiri, mchungaji."

"Norbert!" mzee wa kanisa akafoka. "Mtii mtumishi wa Mungu!"

Kanisa zima likamtolea macho mume wangu. Hata wale aliowaokolea watoto! Roho iliniuma, wapendwa.

Nikasogea mbele na Kiswidi changu cha kuokoteza. Nikanyoosha kidole.

"Pastorn," nikamwambia Gunnel. "Ni mchungaji wetu."

Basi la kanisa likaondoka bila sisi.

Tulitembea barabarani, Heshima amelala mgongoni kwa baba yake. Nikamshika Norbert shavu lile nililolizaba.

"Nisamehe, baba."

"Ungeniuliza tu, mama," akasema. Akalia.

Wapendwa, ukimwona mtu wako anabomoa kitu unachokipenda, muulize kwanza ameona nini. Mimi nilimpiga mwanaume aliyekuwa anamwokoa mtoto wangu.

Na mpaka leo, kanisani kwetu wanashuhudia kwamba siku ile waliokolewa na maombi ya mchungaji.