Bosi Hakugusa Kompyuta

Asubuhi ile ya Jumatano nyumbani kwetu ilianza kama asubuhi zote za likizo. Cherehani ya mama inanguruma sebuleni, baba anatafuta funguo za lori zilizomo mfukoni mwake mwenyewe, na mimi, niliyerudi kutoka chuoni na begi zima la nguo chafu, najifanya bado nimelala. Jamani, ningejua yatakayotokea ningeamka alfajiri!

Mdogo wangu yuko darasa la saba. Tunamwita Mama Kwanini, kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kupokea jibu bila kuuliza “kwa nini”. Likizo hii alikuwa ametengeneza programu ya simu. Ndiyo, yeye! Alijifunza kwenye klabu ya kompyuta shuleni, mengine akayahangaikia mwenyewe. Mimi nilimsaidia kufungua akaunti tu, maana lazima iwe ya mtu mzima.

Programu yenyewe ni ya mtoto wa shangazi. Ana miaka sita, anasikia vizuri, anaelewa kila kitu, ila hasemi. Anatuongoza wote kwa kidole: lete kile, ondoa hiki. Ndiyo maana tunamwita Bosi. Kwenye programu kuna picha. Ukigusa kikombe, simu inasema, “Naomba maji.” Ukigusa uso ulionuna, inasema, “Sijapenda.” Bosi aliipenda ile ya kununa mpaka tukachoka.

Jumatatu iliyofuata Bosi alikuwa anaanza shule. Mwalimu wake alishasema vishikwambi vya shule haviingizwi programu yoyote isipokuwa iliyotoka kwenye duka la programu. Na duka nalo haliweki kitu bila kukikagua, kazi inayoweza kuchukua siku kadhaa. Kwa hiyo programu isipotumwa siku ile, Bosi angeingia darasani bila neno hata moja.

Mama Kwanini alianza kuituma mapema, kisha akaenda kuoga. Aliporudi, kompyuta iliandika: “Umesitisha kutuma.” Akaanza tena, akaenda kunywa chai. Kurudi, maneno ni yaleyale. Akaanza mara ya tatu, akaenda kuanika nguo. Tena!

“Ni intaneti tu hiyo,” nilisema, nikijifanya mtaalamu.

“Kompyuta imechemka,” mama akasema huku akikata uzi.

Baba akanyoosha kidole kwenye kona. Bosi alikuwa amesimama karibu na meza, anatazama kioo.

“Mtaalamu wenu huyo hapo. Kila kitu lazima akiguse. Ni Bosi.”

Shangazi, aliyekuwa amekuja na Bosi kututembelea, aliinuka, akamshika mwanawe mkono. Macho yake yalikuwa yamelowa.

“Twende nje, mwanangu. Tusiharibu kazi za watu.”

“Shangazi, ngoja kwanza!” Mama Kwanini akamzuia. “Baba, umemwona akigusa?”

“Sijamwona, lakini nani mwingine?”

“Umemuuliza?”

“Nimuulize vipi? Si hasemi!”

Mdogo wangu akachuchumaa mbele ya Bosi. “Umegusa kompyuta?”

Bosi akatikisa kichwa kwa nguvu kukataa. Halafu akamwonyesha baba kwa kidole.

“Anataka kubebwa na mjomba wake,” mama akasema, na sote tukacheka. Bosi hakucheka. Alinuna, akajificha nyuma ya gauni la mama yake.

Sasa mwangalieni mdogo wangu. Mimi ningelia, au ningegombana na kila mtu. Yeye akafunga kilemba, akasema, “Tutapima kitu kimoja kimoja.” Akanitumia picha kwenye simu kupitia intaneti ileile. Ikafika mara moja. Intaneti ni nzima! Akaangalia ukubwa wa programu. Haukuzidi kiwango cha duka. Akachomeka chaja na kuizuia kompyuta isijizime. Kisha akaanza kutuma upya, akavuta kigoda, akaketi mbele ya kioo.

Mstari wa kijani ukatambaa taratibu. Ulipopita nusu, ukasimama. Ukasimama kabisa, bwana!

“Imekwama!” baba akaruka. “Pisha, nikusaidie kama asubuhi.”

Mama Kwanini akageuka polepole. “Kama asubuhi, baba?”

“Si nilikuwa napita, nikaona imeganda? Nikaisimamisha ianze upya. Hata lori likigoma unazima, unawasha.”

Cherehani ikanyamaza.

“Na mimi niliisimamisha mara moja,” mama akasema kwa sauti ndogo. “Ulipokuwa unakunywa chai. Nilidhani nakusaidia.”

“Mara ya tatu nayo ni mimi tena,” baba akakiri.

Mdogo wangu hakupiga kelele. Alitugeuzia kioo, akatuonyesha pembeni namba za data inayotoka. Zilikuwa zinapanda! “Haijakwama. Faili za sauti nilizorekodi ni kubwa, mstari unachelewa kusogea. Kila mkiisimamisha, inarudi mwanzo. Naomba, wazazi wangu, msiguse.”

Mama akaweka mikono mapajani. Baba akaificha yake kwapani kama mtu anayesikia baridi. Tukangoja. Jamani, kungoja ni kazi! Mstari ukaruka kidogo, ukasimama, ukaruka tena, mpaka kioo kikaandika: “Imepokelewa. Inasubiri kukaguliwa.” Nilipiga vigelegele hadi jirani akachungulia dirishani.

Lakini baba hakushangilia. Alimwendea Bosi, akapiga magoti sakafuni, mtu mzima na ukubwa wake wote.

“Mjomba, uliniona, si ndiyo?”

Bosi akatikisa kichwa kukubali.

“Na ukasema ukweli, mimi nikacheka. Nisamehe.”

Bosi akamtazama weee, kisha akampa mkono kama mzee wa baraza. Shangazi akacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja.

Jumapili mchana duka likaikubali programu. Jumatatu shangazi alimpeleka Bosi shuleni, na mchana akatupigia simu akiwa hajiwezi kwa kicheko. Mtoto alikuwa ameomba maji, ameomba kwenda msalani, na alipoambiwa arudi nyumbani, amegusa uso ulionuna: “Sijapenda!”

Jioni baba alimwita Mama Kwanini, akamketisha karibu naye mbele yetu sote.

“Mwanangu, sisi watu wazima tulikisia, wewe ukapima. Tulikuwa na haraka ya kusaidia bila kuuliza, tukakurudisha nyuma mara tatu. Lililo baya zaidi, tulimlaumu asiyeweza kujitetea kwa sababu ilikuwa rahisi. Nyote mnaonisikiliza, kitu kikiharibika, ulizeni kwanza mikono yenu wenyewe. Na mtu akiwajibu, hata kwa kidole, msikilizeni.”