Editha Aliyeita Mwizi

Kila siku akitoka shule, Editha alipitia kwenye zahanati ya mtaani kwao, Keko, ambako mama yake, Felicitas, alikuwa nesi. Alifanyia pale kazi zake za shule, huku nje mafundi seremala wakiranda mbao. Alikuwa binti msikivu, ila hasira zake, mama wee! Zilikaa puani.

Siku hiyo mama alikuwa ameubana mkono wa fundi aliyekatwa na msumeno. Ghafla akaingia Didas, muuza mitumba, amembeba mwanawe anayeungua kwa homa.

"Nesi, mwanangu anakufa!"

"Pole, baba. Mlaze hapo. Nikiuachia mkono huu sasa hivi, huyu ataishiwa damu."

"Yaani mie nisubiri?" Didas akamzaba kofi. Mdomo wa mama ukapasuka.

Editha aliruka, lakini mama alimzuia kwa macho. Hakuuachia mkono wa fundi. "Bwana Yesu, nishikilie," alinong'ona, damu ikimchuruzika kidevuni. Alipomaliza kufunga jeraha, alimchukua mtoto yule, akampa dawa na kumkanda kwa maji. Didas akatoka kwenda kununua maji ya kunywa, bila asante wala samahani.

Editha alishindwa kuvumilia. Ati mama anamuuguza mtoto wa mtu aliyempasua mdomo! Akatoka mbio, akapiga kelele akimwonyesha Didas kwa kidole: "Mwizi! Mwizi huyo!"

Loo! Mafundi waliacha randa, wakashika mbao. Ubao wa kwanza ulimpata Didas begani, wa pili kichwani. Akaanguka. Mateke yakamwandama mbavuni, damu ikaloanisha shati. Mtu akafoka, "Leteni tairi tumchome!" Hapo ndipo Editha alipoona kwamba watamuua.

Mama alitoka mbio, akamlalia Didas. Ubao mmoja ukatua mgongoni mwake.

"Nesi, toka! Huyu mwizi!" alifoka fundi Jonas.

"Kamwibia nani? Kaiba nini?"

Watu wakaanza kuulizana. Katika vurugu ile hakuna aliyejua nani alianza kupiga kelele. Editha angeweza kunyamaza. Lakini mbao zilikuwa bado zimeinuliwa.

"Hajaiba kitu! Nimedanganya mimi! Alimpiga mama, nikataka na yeye apigwe!"

Mbao zikashuka. Jonas akaitupa ya kwake chini. "Mtoto we, ungetufanya wauaji!" alisema.

Ndani, mama alimshona Didas kichwa, mdomo wake mwenyewe umevimba. Editha alipiga magoti. "Baba, naomba unisamehe."

Didas alilia kama mtoto. "Mie ndiye niliyeanza, mwanangu. Nesi, nisamehe."

"Nimekusamehe, baba. Tulia nimalize."

Didas alipopata usingizi, Editha aliuliza, "Mama, wewe hukumchukia?"

"Nilimchukia! Mkono uliniwasha nimrudishie. Ndiyo maana nilimwita Yesu, kwa kuwa peke yangu nisingeweza. Sasa nisikilize, Editha. Yeye alinipiga kofi, na kofi linapona. Wewe nusura umuue, na hukushika hata ubao mmoja. Umetumia uongo tu."

Kwenye kitanda cha pili, mtoto wa Didas alifumbua macho. "Baba yuko wapi?"

"Yupo hapa," mama alimjibu. Kisha akamgeukia Editha. "Umesikia? Siku nyingine ukikasirika, mwite Mungu kabla hujaita watu."