Lisichuje Gauni, Tuchuje Sisi

Mtia rangi vitambaa alikuwa uani, anaimba. Gauni jeupe la mdogo wake lilikuwa limeloweshwa kwenye karai. Lilisubiri kutiwa rangi nyekundu, kwa sababu kesho mdogo wake anaolewa.

Mumewe, fundi mwashi, alikuwa anapiga lipu ukuta wa jikoni. Naye aliimba, kwa sauti ya kukwaruza.

"Mume wangu, niletee chumvi," mke alisema.

Fundi alibeba ndoo ya chumvi. Akajikwaa. Chumvi yote ikamwagika kwenye rundo lake la mchanga wa lipu, na kopo la misumari alilolipiga kumbo likaangukia hapohapo.

"Umeniua!" mke alishika kichwa. "Bila chumvi rangi haishiki. Gauni litachuja!"

"Nikimbie dukani?"

"Duka gani? Mwenye duka si ndiye bwana harusi? Amefunga, amekwenda kuwapokea wazazi wake."

Fundi alitaka kucheka. Alipomtazama mkewe machoni, akainama kuokota kopo.

Jirani yao, mwalimu wa sayansi, alichungulia juu ya ukuta wa ua. "Shoga, kuna msiba?"

"Mwalimu, njoo uone. Chumvi, mchanga na misumari, vyote pilau moja!"

Mwalimu aliangalia, akatabasamu. "Lisichuje gauni, tuchuje sisi. Huo ni mchanganyiko tu. Kila kitu kina tabia yake, tutaitumia kukitoa."

Alileta sumaku ya spika ya redio mbovu. Akaipitisha juu ya mchanga. Misumari ikairukia, ta, ta, ta! Fundi alicheka kama mtoto, akaomba naye ajaribu.

"Sumaku huvuta chuma," Mwalimu alisema. "Haivuti chumvi wala mchanga. Sasa, shoga, kipi kati ya hivyo viwili kinayeyuka majini?"

"Chumvi!"

"Haya, leta maji ya moto."

Waliweka mchanganyiko ule kwenye ndoo, wakamimina maji na kukoroga. Wakasubiri. Mchanga ukatua chini. Walimimina maji ya juu taratibu, wakayapitisha kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili. Mchanga uliosalia ukanaswa. Maji yakatoka meupe.

"Chumvi iko wapi?" Fundi aliuliza. "Mbona siioni?"

"Imo humo majini. Tukichemsha, maji yatapaa kwa mvuke, chumvi itabaki. Washa jiko."

"Weee, usiwashe!" mke alidakia. "Rangi yangu naichanganya na maji ya chumvi. Hayo hayo ndiyo nayataka!"

Mwalimu alijipiga paji la uso. Wote watatu wakacheka hadi machozi.

Hata hivyo, walichemsha maji kidogo yaliyozidi. Sufuria ilipokauka, chembe nyeupe zilimetameta.

"Hii ni ya rangi tu, si ya kula," Mwalimu alionya. "Imeshalala na misumari."

Jioni gauni lilianikwa, jekundu hata ukiwa barabarani unaliona.

Kesho yake bibi harusi alicheza nalo, akatoka jasho, na rangi haikuchuja. Wageni walimzunguka Fundi. Naye, kifua mbele, aliwaeleza: "Kwanza sumaku! Kisha maji! Kisha mnachuja!"

"Waeleze pia aliyemwaga chumvi," mkewe alisema.

"Hilo," Fundi alijibu, "ni somo la kesho." Akamvuta mkono, wakaenda kucheza.