Uso Juu ya Chungu cha Bibi Salvina

Msinione mwoga. Mimi Hilda nimelala kwenye nyumba zenye maiti inayosubiri kuzikwa kesho yake, nimepita migombani gizani peke yangu tangu utotoni, na sijawahi kukimbia kivuli. Kwa hiyo haya ninayowaambia, naomba mtu asije akaniambia nilikuwa naota.

Ilikuwa mwaka jana, ule wa mgao mkali wa umeme. Nina kiduka cha picha nyuma ya soko, hapa Moshi mjini. Wenzangu wanapiga picha za paspoti. Mimi nina ujanja wangu: kubandika sura ya mtu kwenye kitu chochote kisicho bapa. Vibuyu, vinyago, mayai ya mbuni, hata pembe ya ng'ombe. Watalii wakishuka mlimani wanataka sura zao kwenye kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, basi nami nawapa.

Kazi yenyewe si uchawi. Unaingiza picha kwenye kompyuta, unaichapa kwenye karatasi maalumu, unaipulizia vanishi, unailoweka kwenye beseni. Karatasi inaachia utando mwembamba wenye picha, mithili ya utando wa maziwa yaliyochemka, nao unaulaza juu ya kitu chako polepole kwa sponji. Shida iko kwenye umbo. Kibuyu kina tumbo, kina shingo, kina vinundu. Ukibandika picha ilivyo, uso unanywea. Kwa hiyo lazima uiharibu kwanza: uyavute mashavu, uipanue pua, mpaka kwenye kompyuta mtu anakuwa kioja. Ukishambandika ndipo anarudi kuwa mtu.

Jioni hiyo nilitoka mara moja kununua mafuta ya taa, maana umeme haukuaminika. Nilifunga mlango kwa kufuli. Niliporudi, bibi mmoja alikuwa amekaa ndani, kwenye kiti cha wateja, na kikapu miguuni.

"Shikamoo bibi. Umeingiaje humu?"

"Marahaba, mwanangu. Mlango ulikuwa wazi."

Haukuwa wazi. Ufunguo nilikuwa nao mkononi.

Duka zima lilinuka udongo mbichi, harufu ya shimo lililochimbwa sasa hivi. Nilitaka kumfokea, lakini alikuwa mzee sana, na rozari shingoni, na miguu imejaa vumbi. Ungemfokeaje?

"Naitwa Salvina. Natoka Kilema," alisema taratibu. "Wanasema wewe unaweza kukipa chungu uso."

Akafungua kikapu. Ndani ya majani makavu ya mgomba mlikuwa na chungu cheusi, cha kufinyangwa kwa mkono, upande mmoja kimebonyea na upande wa pili kimevimba.

Mh! Kwetu Uchagani, mjane mzee akikuletea chungu, humuulizi anataka kupika nini. Mtu aliyedhulumiwa akichoka kusubiri haki, huvunja chungu. Anakizunguka, anasema maneno yake, kisha anakipasua. Baada ya hapo ukoo wa aliyekosa unaanza kupukutika, mmoja baada ya mwingine, na watoto wadogo wamo. Nimezika jirani zangu kwa ajili hiyo, msiniambie ni imani potofu.

"Bibi, mimi mambo ya kuvunja chungu sitaki."

"Wewe bandika tu, mwanangu."

Akanipa picha. Vijana wawili, wembamba kama fito, mmoja na nywele za afro, wamesimama mbele ya duka huko Tarakea, mpakani.

"Huyu ni mwanangu, Wenseslaus. Miaka ile ya magendo walikwenda kuuza kahawa ng'ambo ya mpaka. Huyu wa nywele nyingi ndiye aliyekuwa naye. Jina lake halisi silijui, walimwita Kaptura tu." Akaishika rozari yake. "Mwanangu hakurudi. Sijaona kaburi lake mpaka leo. Nibandikie huyu Kaptura."

Huruma iliniingia. Na niseme ukweli, chungu chenyewe kilinitia hamu. Sijawahi kushindwa na umbo.

Nilipokishika kilikuwa na joto. Joto la mtu mwenye homa... Nikajiambia ni jua la njiani. Nikakipaka rangi nyeupe, maana picha haikai juu ya weusi, nikakausha kwa mashine ya kukaushia nywele. Bibi alinitazama tu mikono.

Kwenye kompyuta nikaanza kumharibu yule kijana. Mashavu nikayavuta kwa ajili ya tumbo la chungu. Zile nywele zikaangukia shingoni mwa chungu, nikazikata. Akabaki kioja chenye macho mapana, nikacheka peke yangu. Nikachapa, nikapuliza vanishi, nikaloweka.

Utando ukaachia. Niliulaza juu ya chungu, nikaanza kuusukuma kwa sponji, taratibu, kutoka katikati. Siku zote utando hujikunja kwenye vinundu, nami hupambana nao mpaka kijasho kinitoke. Huu haukujikunja. Ulijinyoosha wenyewe. Pua ikakaa kwenye uvimbe, taya likaingia kwenye bonde. Kijana mwembamba akanenepa pale pale mbele yangu. Akapata kipara. Akapata kidevu cha pili.

Sponji ilinitoka mkononi.

Valerian.

Mume wangu. Baba wa mtoto wangu.

"Unamfahamu?" bibi alinong'ona.

"Hapana, bibi."

Alinitazama muda mrefu. "Haya," akasema.

Umeme ukakatika.

Gizani nikasikia mtu akivuta pumzi. Pumzi nzito, yenye mkoromo kidogo mwishoni... Naijua pumzi ile. Nimelala kando yake miaka kumi na zaidi. Haikutoka kwenye kiti cha bibi. Ilitoka mezani, kwenye mdomo wa chungu.

Nikawasha kibatari. Bibi alikuwa ametulia vile vile.

"Vanishi haijakauka, bibi," nilidanganya. "Kiache. Njoo kesho jioni."

"Nitakuja," alisema, akatoka.

Nilifika nyumbani Shirimatunda nimeloa jasho. Valerian alikuwa anakula. Gladys, binti yetu, alikuwa ameshalala, nikamfunika shuka vizuri pale kitandani. Chungu kikivunjwa hakichagui. Nikarudi sebuleni.

"Baba Gladys, Kaptura ni nani?"

Kijiko kilisimama hewani. "Nani kakutajia jina hilo?"

Nikamweleza yote. Alianza kwa kucheka, na mimi mtu akicheka wakati nimeogopa namchukia kabisa. Kisha akasukuma sahani.

"Tulikuwa vijana, Hilda. Tuliuza kahawa, tukarudi na bidhaa, tukaachana njiani. Sijui alikokwenda."

"Usinidanganye. Mama yake ana chungu chenye uso wako!"

"Wewe ndiye uliyekibandika," alinijibu.

Hapo nilimtukana. Sitarudia nilichosema. Nikatoka na kisu mpaka uani, nikakata jani la isale. Kwetu mtu uliyemkosea ukimnyooshea isale, anasamehe hata kama roho yake inagoma. Nikaliweka mbele yake mezani.

"Kesho jioni unakuja dukani. Unapiga magoti, unampa, unamwambia mwanawe yuko wapi. Basi. Mimi simziki Gladys kwa ajili ya kahawa yako ya magendo."

Jani alilichukua.

Mtauliza kwa nini sikuufuta ule uso. Nilijaribu! Asubuhi niliwahi dukani kabla ya watu. Utando ambao hata kucha ya mtoto huubandua, niliumwagia maji ya moto, nikaukwangua kwa wembe. Wembe ulikatika. Uso ulibaki, na macho yalikuwa yamenigeukia. Nikakifunika kwa kanga, nikakaa nje siku nzima nikiwaambia wateja mashine imeharibika.

Jua lilipozama Valerian alikuja, jani la isale kwenye mfuko wa shati. Tuliingia wote. Bibi Salvina alikuwa tayari ndani, na chungu mapajani. Kanga ameshaikunja vizuri mezani.

Wakatazamana.

"Kaptura," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Umenenepa."

Nilimpiga mume wangu kiwiko. "Piga magoti. Toa isale. Mwambie!"

Akaingiza mkono mfukoni. Nawaambia jani lilitoka, nililiona kati ya vidole vyake. Angelinyoosha tu... Lakini alikuwa anautazama uso wake juu ya kile chungu, na midomo ile ya pale chunguni... Ilikuwa inachezacheza. Kama mtu anayetaka kuanza kusema.

"Hutavunja kitu hapa, mchawi wewe!" Valerian alipiga kelele.

Jani likaanguka. Alimrukia bibi, akakishika chungu, wakavutana. Kikawaponyoka wote wawili.

Paaa!

Kilipasuka vipande vipande. Lakini ule utando haukupasuka. Uliinuka na vigae vikiwa vimening'inia, uso mzima, umekunjamana, ukitutazama kutoka sakafuni. Kisha ukaanza kuchanika. Polepole... kuanzia kwenye mdomo.

Bibi Salvina alipiga magoti akaanza kuokota vigae. Alikuwa analia. Machozi hayo sikuyategemea.

"Nani aliwaambia nilitaka kukivunja?" alisema. "Nimezeeka mimi, hasira ziliniisha zamani. Nilitaka nikiweke mgombani, nikiulize kila jioni mwanangu yuko wapi, mpaka kinijibu. Kilikuwa kinakaribia kusema."

Akainua macho kwa Valerian. "Sasa umekivunja mwenyewe. Haya, niambie wewe. Nataka mifupa tu, nimzike nyumbani."

Valerian alifungua mdomo. Nilimwona anataka kusema. Naapa kwa Mungu, safari hii alitaka. Shingo ilimtutumka, macho yakamtoka, na mdomo ukapinda upande mmoja. Haikutoka sauti. Akaanguka juu ya vile vigae.

Hospitali walisema ni kiharusi. Shinikizo la damu, unene, hofu ya ghafla. Daktari ni kijana mwenye adabu, alinichorea hadi mishipa ya kichwa kwenye karatasi, nami nikamshukuru. Mkono wa kulia umekufa. Kusema hasemi. Anachoweza ni kutikisa kichwa kuitikia, na anaitikia kila kitu. Unataka chai? Anaitikia. Hutaki chai? Anaitikia. Daktari alisema wagonjwa wa namna hiyo wapo, nisiyatilie maanani.

Bibi Salvina huja kutoka Kilema kila akipata nafuu ya miguu. Sikuweza kumfukuza. Hunisalimia vizuri, humletea Gladys ndizi mbivu, kisha husogeza kigoda mbele ya mume wangu na kuanza kumuuliza.

"Ni huko Tarakea?"

Anaitikia.

"Ni msituni?"

Anaitikia.

"Ni mtoni?"

Anaitikia, na machozi yanamtiririka. Wajukuu wa bibi wameshachimba kule Tarakea, wameshachimba kando ya mto. Hawakupata hata kifungo cha shati. Nami moyoni nilikuwa nimeanza kutulia. Gladys mzima, anakua, anacheka. Nikasema labda yameishia kwa baba yake, na Mungu anisamehe, niliona ni afadhali.

Leo mchana bibi alikuja tena. Aliangalia kuta, akaangalia dari. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Ni hapa nyumbani kwako?"

Valerian akaitikia.

Nilisema kwa haraka, "Bibi, huyu anaitikia kila kitu, unajua mwenyewe."

"Najua, mwanangu," alijibu. "Kesho nitawaleta wajukuu na majembe. Tukikosa, tutafukia mashimo vizuri."

Akaondoka. Nikabaki nimesimama pale pale. Nyumba hii Valerian aliijenga kabla hajanioa, mara tu alipoacha magendo. Kila mtu anajua alivyokuwa na haraka nayo. Alihamia kabla ya kuezeka, na sakafu ya chumba cha nyuma aliimwaga mwenyewe, bila fundi. Nilizoea kumsifia kwa hilo mbele ya wageni. Humo ndimo anamolala Gladys.

Jioni hii nimempeleka mtoto kwa dada yangu, na godoro lake nimelitoa. Kisha nilirudi kwa mume wangu, nikamshika uso kwa mikono miwili, ule mdomo uliopinda, nikamsogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Baba Gladys," nilinong'ona, "hayupo humu. Si ndiyo? Niitikie tu. Niitikie kwamba hayupo, nami nitamzuia bibi mlangoni, nitapigana nao."

Mtu ambaye miezi yote hii anakiitikia kila kitu, hata paka akilia.

Alinitazama. Kichwa chake kilitulia kabisa mikononi mwangu.