Mvua Ndani ya Wosia

Maiti ya Mzee Elisaria ililala kitandani kwake, kijijini Nkoaranga, blanketi limevutwa vizuri hadi kidevuni. Vizuri mno. Daktari alikwisha sema: ameuawa kwa kuzibwa pumzi, pengine kwa mto.

Barazani Inspekta Violet alimkuta Reginald, mtoto wa marehemu, akiwasikilizisha waombolezaji wa ukoo wosia kutoka kwenye simu ya baba yake. Kazi ya Reginald ilikuwa kurekodi kwaya huko Themi, mjini, na leo alinyanyua simu ile kama mtu anayengoja makofi. Violet alimdharau papo hapo.

"Shamba la kahawa namwachia Reginald," ilisema sauti ya mzee, nyuma yake mvua ikisikika ikipiga bati. "Ruth arudi alikoolewa."

Ruth, dada mtu, aliyerudi nyumbani baada ya kuachika, ndiye aliyemuuguza mzee. Mazishi yakiisha, ukoo ungeutangaza wosia huo, naye angekosa pa kulala.

"Nani alirekodi?" Violet aliuliza.

"Baba mwenyewe, afande. Jana alasiri. Mimi nilikuwa mjini. Alichomeka maiki niliyomwachia, akarekodi."

Violet akamgeukia Ruth. "Ulikuwepo?"

"Nilifuata dawa zake hospitali, afande."

"Mzee alijua mambo ya simu?"

"Hata ikiita tu alinipa mimi nipokee."

Violet akaichukua simu, akairudia rekodi. "Sikiliza, Reginald. Mwanzo sauti ni kubwa mno, inapasuka. Halafu inashuka, inatulia. Mvua nayo inashuka papo hapo. Baba yako aliweza kuipunguza mvua?"

"Simu hujirekebisha yenyewe."

"Hii imezimwa isijirekebishe, nimeangalia. Kuna mkono ulipunguza kiwango cha sauti wakati mzee anaongea. Mkono wa fundi. Tena fundi wa hovyo, kashindwa hata kukata mwanzo uliopasuka."

"Wa hovyo?" Reginald aliruka. "Ningekata mwanzo, maneno yenyewe ya shamba yangepotea!"

Mjinga huyu, Violet aliwaza, kujisifu kumemshinda hata hofu ya kitanzi.

"Ulimfanyaje ayaseme?"

Reginald akaketi. "Nilimwambia tunapima sauti tu. Nikamtajia maneno, akayarudia huku anacheka."

"Halafu?"

"Akasema, haya, mtambo umekubali, sasa shika ya kweli: shamba ni la Ruth." Alitema mate. "Mwanamke aliyeachika! Nije kumwomba yeye kahawa ya babu yangu? Nikachukua mto."

Ruth alikuwa akilia. "Hiyo ya kweli uliirekodi?"

"Nilizima."

"Si neno, dada," Violet alisema, akimfunga Reginald pingu. "Ukoo mzima umeisikia kutoka kinywani mwake."