Hodi ya Kwanza

Pazia jipya la mlango wa mbele lilifunguka lenyewe, likakaa wazi kwa muda wa mtu kupita, kisha likarudi mahali pake taratibu. Tunu akasema ni upepo. Sisi watu tunauonea sana upepo. Kila tusichotaka kukijua tunausingizia. Jioni ile hata moshi wa jiko la jirani ulikuwa umesimama wima, haujui upande wa kwenda.

Lakini tusimlaumu Tunu kabla hatujasema ilivyoanza. Au tumlaumu, maana anastahili, ila kwa mpangilio.

Nyumba ilikuwa Nangara, hapo Babati, na aliijenga marehemu mumewe, Abdulsalam, aliyekuwa akiuza vitenge sokoni. Baada ya msiba, Tunu alitaka kuiuza ahamie Arusha kwa dada yake, yeye na binti yake wa pekee, Rahma, aliyekuwa darasa la kwanza. Humo ndani walikuwa wanaishi na mtu wa tatu: Bi Shadya, mama yake marehemu, bibi kizee wa kikohozi na kopo la kutemea, aliyelala chumba cha mbele karibu na mlango.

Mteja wa kwanza alipatikana upesi. Leonsi, mfanyabiashara wa mahindi, alikuja na mkewe, bei wameshakubaliana, bado kuiona tu. Wakapiga hodi. Kimya. Wakapiga tena. Tunu alikuwa uani anaanika nguo, hasikii. Walipopiga ya tatu, Bi Shadya akafungua kinywa aitikie, kikohozi kikamkaba, kikamkunja, na wageni walipochungulia dirishani wakaona giza, kopo, na bibi kizee anayetoa macho. Mke wa Leonsi akarudi nyuma.

"Nyumba yenyewe haina karibu," akamwambia mumewe. "Ya nini hii?"

Biashara ikafia barazani.

Dalali, kijana anayeitwa Venance, alikuja kesho yake uso umemvimba kwa hasira. "Mama Rahma, mteja hanunui matofali. Ananunua alivyopokelewa. Paka rangi, weka dari ya jipsamu, badilisha mapazia, choma udi. Na mtu akipiga hodi, karibu itoke kabla hodi haijamwisha mdomoni."

"Nimekuelewa."

"Na yule bibi..." Venance akajikuna shingo.

"Bibi afanyeje?"

"Mimi sijasema kitu, Mama Rahma."

Kweli hakusema. Tunu ndiye aliyesema, tena kwa sauti tamu, huku anamfungia mama mkwe wake kanga zake kwenye furushi. Ataenda Kondoa, kwa mpwa wake, akapumzike.

"Sikufukuzi, Mama. Ni mpaka nyumba iuzike tu."

"Hata mbuzi wa sikukuu huvutwa kwa upole," Bi Shadya akajibu. Rahma alikuwa amemng'ang'ania kiunoni, analia. Bibi akambembeleza, akamtoa vidole kimoja kimoja, kisha akamtazama Tunu. "Nikuachie neno moja. Mimi nimelala karibu na mlango huu tangu mwanangu anaujenga, na sijawahi kuitikia hodi ya kwanza ya magharibi. Binadamu akipiga hodi asijibiwe, atarudia. Asiye binadamu harudii. Anapiga mara moja, anasubiri mjinga."

"Haya, Mama. Gari linakusubiri."

Ndivyo chumba cha mbele kilivyopata nafasi. Kikapakwa rangi ya maziwa, kikawekwa kitanda kilichotandikwa shuka jeupe ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulikalia. Nyumba ikang'aa. Ukiingia unasikia udi, unaona vitambaa vya kufuma juu ya makochi, unatamani kuvua viatu. Ama kweli Tunu alikuwa na mkono. Kasoro yake ilikuwa nyingine.

Jioni ile ya pazia, adhana ya magharibi ilikuwa ndiyo kwanza inaisha. Tunu alikuwa jikoni anachambua mchele. Ikaja sauti ya kike mlangoni, laini, ya mtu wa heshima zake.

"Hodi."

Mwenye njaa ya mteja hahesabu hodi. Tunu alitupa ungo, akapaza sauti huku anakimbia kujifunga kanga vizuri: "Karibu! Karibu sana! Pita ndani, jisikie uko kwako!"

Alipofika sebuleni akaona pazia linafunguka, linakaa, linarudi. Akatoka barazani, akatazama huku na huku. Barabara tupu. Akarudi ndani, na hapo akaisikia harufu: maziwa yaliyoungua. Udi wote ule, na juu yake maziwa yaliyoungua, wakati jikoni hakukuwa na tone la maziwa.

Toka siku hiyo nyumba haikuwa na utulivu. Shuka jeupe la chumba cha mbele lilikutwa na bonde katikati, umbo la mtu aliyelala ubavu. Tunu akalinyoosha, akigeuka, bonde limerudi. Rahma akaanza kukataa chakula. Alikaa kwenye kizingiti cha chumba kile akizungumza kwa kunong'ona, na mama yake akimuuliza anaongea na nani, anashangaa kuulizwa.

"Na mgeni wako. Wewe si ndiye uliyemkaribisha? Anasema umemwambia ajisikie yuko kwake." Mtoto akamshika mama yake kanga. "Mama, ananiuliza maswali mengi. Ananiuliza nachekaje. Ananiuliza bibi alikuwa ananiitaje. Halafu anarudia kama mimi."

"Usimjibu!"

"Nikimjibu najisikia kuchoka, nikinyamaza anakuja karibu."

Rahma akakonda hadi pete za masikioni zikaonekana kubwa. Zahanati walipima, hawakuona kitu. Na Tunu, Mungu amsamehe, hofu yake ilikuwa na vyumba viwili: kimoja cha mtoto, kingine cha nyumba, na usiniulize kipi kilikuwa kikubwa. Alimpaka mtoto mafuta mashavuni asionekane mgonjwa wateja wakija.

Kisha ikaja jioni ambayo Tunu hakumsimulia mtu mpaka mambo yalipoharibika. Alikuwa anapita ukumbini na taa ya simu, umeme umekatika, harufu ya maziwa imemjaa puani, akamwona Rahma amekaa kitandani chumba cha mbele, amempa mgongo, anajisuka nywele taratibu, na alipotaka kumwita amkanye asichafue shuka akasikia nyuma yake, kutoka jikoni, sauti ya Rahma ikisema Mama nina kiu, na yule wa kitandani akaacha kusuka, akainua kichwa kama mtu anayejifunza, akasema kwa sauti ile ile, kwa uchovu ule ule, kwa kigugumizi kile kidogo cha mtoto mwenye usingizi, Mama nina kiu, na Tunu akabaki katikati ya sauti mbili, hajui amkimbilie yupi, mpaka simu ikamponyoka na taa ikazimika, na gizani akasikia nyayo za mtoto zikipishana na nyayo za mtoto.

Asubuhi Rahma alikuwa mzima.

Mzima kabisa! Alikula chapati zote za mezani, akaomba na uji. Mashavu yamejaa, macho yanang'aa. Tunu alilia kwa furaha, akamkumbatia, na hata alipokuta ngozi ya mtoto ina baridi alisema ni hali ya hewa. Tena mtoto alikuwa amepata adabu. Zamani alikuwa anaingia popote kama kuku. Sasa kila mlango anasimama, anasema "Hodi," mara moja, anasubiri mpaka aambiwe karibu.

Ila chumba cha mbele kikaanza kulia. Kilio chembamba, cha mtoto aliyelia hadi akachoka akaanza tena. Mama. Mama, mimi hapa. Tunu alifungua mara moja, hakuona mtu, ila shuka limelowa sehemu ya kichwa. Akaufunga mlango kwa ufunguo.

"Jini limeshindwa," akampigia simu Bi Shadya, akimnong'oneza kwa majivuno. "Limemwachia mtoto, sasa linalia peke yake chumbani. Linaigiza sauti ya Rahma ili nilionee huruma. Mimi silifungulii."

"Na huyo mtoto mzima," Bi Shadya akauliza pole pole, "anaendeleaje?"

"Vizuri sana, Mama. Ana adabu, utampenda. Kila mlango anapiga hodi."

"Mara ngapi?"

Tunu akageuka kumtazama mtoto.

"Tunu! Mara ngapi?"

"Mara moja."

Upande wa pili bibi akaanza kupumua kwa shida. "Usiuze. Usitoke humo ndani. Fungua hicho chumba, ukae humo, umwite mwanao kwa jina lake mpaka nifike. Mimi nitamjua. Tunu, mwanangu, nakuomba, natafuta gari sasa hivi."

Na hapo hapo Venance akapiga honi nje. Ameleta wateja.

Kuna kujua kwa kichwa na kuna kujua kwa tumbo. Tumbo la Tunu lilishajua. Lakini nyumba ilikuwa imependeza, wateja wako mlangoni, na mtoto mmoja, mwenye mashavu, amesimama pembeni yake anatabasamu. Alikata simu, akaizima. Akawasha redio, akaongeza udi.

Mteja alikuwa Xaveria, mkulima wa kutoka Mbulu, mama mpole mwenye rozari shingoni, na mumewe Fabiani. Waliuza shamba lao la juu wahamie mjini. Walipenda dari, wakapenda rangi, wakapenda zaidi binti aliyewaletea maji kwa magoti. Kisha Xaveria akasimama ukumbini, akageuza sikio.

"Mtoto nani analia?"

Tunu hakupepesa jicho. "Wa jirani huyo. Anadeka tu."

"Mbona kama yuko humu humu? Anaita mama."

"Ni hizi dari za jipsamu, dada yangu, zinavuta sauti. Mtazoea."

Kule chumbani kilio kikakatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo, au aliyesikia neno ambalo mtoto hapaswi kulisikia. Redio ikaendelea. Xaveria akasema maskini, watoto wa siku hizi. Wakanunua.

Bi Shadya gari lake liliharibika njiani, akafika kesho yake akakuta Tunu ameshahama na mlango una kufuli jipya, wenye nyumba wapya wamerudi Mbulu kufuata vyombo. Ilimchukua siku kadhaa kupata Tunu alikohamia na mtoto: chumba cha kupanga Singe, wakisubiri shule zifungwe waende Arusha. Alifika jioni, anakokota furushi. Rahma alikuwa nje, amesimama mbele ya mlango ulio wazi, mikono mbele, anasubiri.

"Hodi," mtoto akasema.

"Karibu, mama," Tunu akaitikia kutoka ndani, na mtoto akaingia.

Bi Shadya hakuingia. Alimwita mtoto kwa jina la utani alilokuwa akimwita akimwogesha. Mtoto akageuka, akatabasamu, akaitika vizuri kabisa. Bibi akanusa: maziwa yaliyoungua.

"Tunu, umemwacha wapi mjukuu wangu?"

"Si huyu hapa, Mama..."

"Huyu ni mgeni wako! Amevaa sura ya mtoto, mtoto kabaki kule hana sura. Alikuwa analia, nilikwambia umwite. Ulimwita?"

Tunu alikaa chini. Simu ikaanza kuita. Alikuwa Xaveria, furaha inamtoka mdomoni.

"Mama Rahma, nakupigia kukutoa wasiwasi. Kile kilio hakikuwa cha jirani, mwenzangu! Kilikuwa humu. Ila usijali, hatukulaumu, tumemleta katekista amekesha nasi kwenye sala. Akakikemea, akakiamuru kitoke. Mwanzoni kiligoma, kikasema hapa ni kwetu, namsubiri mama. Katekista akakikazia: huna mama hapa, toka! Basi kikatoka. Tumesikia vinyayo mpaka barabarani. Nyumba sasa safi kabisa."

Rahma alikuwa mtoto msikivu. Ameambiwa atoke, akatoka.

Bi Shadya alipiga ukelele ambao Singe nzima iliusikia. Alifariki mvua za kwanza, na mpaka mwisho hakutaka kuuona uso wa Tunu.

Tunu hakwenda Arusha. Watu wa Nangara watakwambia, ukiwauliza vizuri, kwamba adhana ya magharibi ikiisha kuna mtoto anapita nyumba kwa nyumba akipiga hodi. Anapiga, anasubiri. Anapiga tena. Anapiga ya tatu, sauti imeanza kukatika, kama binadamu yeyote. Hakuna anayeitikia. Wanafunga madirisha, wanaongeza redio.

Nyuma yake, mtaa mmoja nyuma, daima mtaa mmoja nyuma, anapita mwanamke anapaza sauti kwenye uchochoro mtupu. "Karibu! Karibu, Rahma, karibu mwanangu!" Anaita mpaka sauti inakauka. Na mkononi kamshikilia binti aliyenona, mwenye adabu, anayemtazama na kutabasamu, na akichoka kuita binti humsaidia, kwa sauti ya Rahma, kumwita Rahma.