Picha ya Zuhura Ilitoka Safi Kupita Kiasi

Nina miaka ishirini na tisa, naishi Malindi kwa mama yangu. Nalala chumba kimoja na mdogo wangu Zuhura, na hanisemeshi. Wasomaji wenzangu, sikugombana naye wala sikumnyang'anya mume. Nilimpiga picha tu...

Kwetu, siku ya kupamba bibi arusi huingia wanawake peke yao. Buibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, na mwanamume hakanyagi. Ndiyo maana nilipata kazi na kamera yangu. Filamu nilizisafisha mwenyewe bafuni, dirisha nimeliziba kwa blanketi.

Lakini picha zangu zilikuwa na ukungu! Mashoga zangu walinitania eti nawapiga wakiwa ndani ya moshi wa udi. Nilicheka nao, huku naumia.

Ndipo akatokea Athmani, mwenye studio karibu na soko, akanichumbia. Alinifundisha kwa upole: nibane viwiko mbavuni, nitoe pumzi kwanza ndipo nibonyeze, lenzi niipanguse kwa kitambaa laini, na penye mwanga hafifu nitumie stendi. Picha zikaanza kutoka safi! Nilimwona malaika.

Ila kila somo lilikuja na swali. Mara harusi ijayo ni ya nani. Mara Zuhura ataolewa lini, maana ana uso wa picha. Niliona ajabu... nikajiambia ni wivu wangu tu.

Wiki ya harusi ya Zuhura, Athmani alisema maji ya bafuni yana mchanga, ndiyo yanayoniharibia kazi. Nimpe filamu aisafishe yeye, na picha atazitoa dada yake, yeye hatatazama. Mama alikataa katakata. Alisema filamu ya kupamba haiingii mikononi mwa mwanamume, hata awe mchumba.

"Wataka nduguyo atoke na ukungu siku yake?" Athmani aliniuliza.

Nikamwahidi filamu.

Nilimkalisha Zuhura kando ya dirisha, nywele mabegani, mikono yenye hina mapajani. Nikatoa pumzi, nikabonyeza.

Picha zilirudi nzuri ajabu. Filamu haikurudi. Kila nikiuliza, aliniambia bado inakauka... Filamu gani hukauka mwezi mzima? Kisha nikakuta studio imefungwa. Majirani wakasema amesafiri ng'ambo na rafiki yake Mzungu.

Haukupita muda, shangazi akaja na kadi ya posta, zile wanazonunua watalii. Akaiweka mkekani. Alikuwa Zuhura! Kila unywele waonekana, kila ua la hina. Kadi ilikuwa imeshafika Mambrui kwa mumewe, naye alimrudisha kwa mama bila hata kufoka.

Nililia. Niliapa kuwa nimetapeliwa, kuwa sikujua lolote. Zuhura alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kidole kwenye kadi, pale kioo cha kabati kilipokuwa nyuma yake. Nilikuwemo! Nimeshika kamera, natabasamu.

"Mbona mkono haukutetemeka, dada?"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Dada zangu mnaopiga picha za kina mama, anayewafundisha kamera mshukuruni, lakini filamu isitoke nyumbani. Nawasihi! Bora mchekwe kwa ukungu.

Juzi nimeiona tena kadi ile, imetundikwa mlangoni mwa duka. Rangi yake haijapauka hata kidogo.